Visu vya randa vyenye mawimbi

SWALI: Shikamoo fundi. Nachonga mninga hapa Tabora. Visu vya randa yangu ya umeme vina sentimita 30. Nikivinoa kwa jiwe la umeme la mezani, makali yanakuwa na mawimbi. Ninunue mashine gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono hauwezi kunyoosha sentimita 30. Tafuta mashine ambayo kisu hufungwa kwenye kibebeo kinachoteleza juu ya reli, na maji yanalimwagikia jiwe muda wote. Maji ni lazima! Mimi niliunguza seti nzima kwa kunoa bila maji: makali yaligeuka buluu kwa joto, chuma kikalegea, kesho yake yakalika kwenye fundo la kwanza la mbao. Kabla ya kulipa, sukuma kibebeo kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Kikicheza, iache hapohapo dukani.