Kutaja jina la Mungu hakumalizi hesabu ya mnyama

Salaam alaykum wote. Kijana aliyefungua uzi ameuliza hivi: jirani yake Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya Uhindi inayokataza kudhuru kiumbe) hagusi nyama wala yai kwa kuwa hataki kiumbe kiumie kwa ajili ya tumbo lake, je, sisi tunaokula tuna hoja gani? Mmoja akamjibu kwamba ukishasema Bismillahi, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Bismillahi inahalalisha nyama, haifuti mateso aliyoyapata mnyama kabla na wakati wa kuchinjwa, na mengi ya mateso hayo yanazuilika.

Hoja ya jirani ni nzito na si ya Wahindi peke yao. Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham, Syria ya leo (973–1057), aliacha nyama, mayai, maziwa na hata asali. Na hapa Mombasa mtu anaishi vizuri kwa mbaazi za nazi, kunde, pojo na maharagwe. Wengi wetu mjini hatuli nyama kwa kukosa chakula kingine, kwa hiyo namna mnyama anavyoletwa na kuchinjwa inatuhusu sisi wanunuzi, si mchinjaji tu.

Tuanze na kisu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojiridhisha mapema. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ni ya wengi wetu pwani, lazima ni kukata koo la pumzi na koo la chakula. Mishipa miwili mikubwa ya damu ya pande za shingo ni sunna. Mtu akishika lile la lazima tu, nyama ni halali, lakini mbuzi bado anajijua: ubongo unaendelea kupata damu huku pumzi ikitokea shingoni. Mishipa yote ikikatwa mara moja, mbuzi au kondoo kwa kawaida huzirai ndani ya sekunde chache, hadi ishirini hivi. Ng'ombe huchelewa, wengine hupita dakika nzima, kwa sababu ana njia nyingine ya damu inayopanda nyuma kupitia mifupa ya shingo, ambayo kisu hakiifikii. Kwa hiyo hapa sunna ndiyo iliyobeba huruma yote, na anayeiacha asijifiche nyuma ya neno halali.

Makali ya kisu yawe na urefu wa angalau mara mbili ya upana wa shingo. Kwa mbuzi sentimita 20 hadi 25 zinatosha. Kipime kwa karatasi ya gazeti iliyoshikwa hewani: kikiichana badala ya kuikata, rudi kwenye jiwe. Kinoe mbali na macho ya mnyama, na asichinjwe mmoja mbele ya mwenzake. Pitisha chini tu ya kikoromeo ili kibaki upande wa kichwa, kwa mkupuo mmoja usiokatika. Kisu butu huwa kinasaga mshipa badala ya kuufungua, damu inaganda mdomoni mwa jeraha, na mnyama anachelewa kuzirai. Kisha ngoja. Kosa la haraka ni kuvunja shingo au kuchoma uti wa mgongo ili atulie: mwili unapooza lakini ubongo unaweza kuwa bado macho, na wewe umejinyima dalili za kumpimia. Gusa mboni ya jicho kwa kidole. Akipepesa, au mbavu zikiendelea kupanda na kushuka kwa mpango, usianze kuchuna. Kurusha miguu peke yake si dalili ya uhai.

Ila mateso marefu zaidi ni ya safarini. Mbuzi anayeshuka kutoka Mariakani amefungwa miguu minne kwa kamba ya nailoni nyuma ya pikipiki, juani, bila maji, anafika ameshamaliza sukari ya misuli. Nyama yake haipati asidi ya kutosha, inabaki nyeusi na kavu, na kwa joto letu inaharibika upesi. Mnyime chakula kwa muda wa saa 12 kabla ya kuchinja ukitaka, lakini maji usimnyime hata kidogo.

Kuku ndiye anayeonewa zaidi. Hana kiwambo kama chetu kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo ukimning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, matumbo yanalalia mifuko yake ya hewa na anapumua kwa taabu njia nzima. Mtie kwenye tenga lenye nafasi. Sokoni tazama ndoo ya maji moto: akikatwa akatumbukizwa huku bado anapumua, ameunguzwa akiwa hai, na akifia majini hata uhalali wake una shaka. Dakika mbili za kuvuja damu zinatosha. Kata kitako cha jerikeni ya lita tano na upanue mdomo wake, uitundike mdomo chini. Kuku aingie kichwa kikitokea chini. Hapigi mabawa wala havunjiki mifupa.

Na wanaosema wameacha ng'ombe kwa huruma wakahamia kuku, wahesabu upya. Ng'ombe mmoja hutoa kilo mia na zaidi za nyama, kuku wa gredi (wa kisasa wa nyama) ni kilo moja na kitu. Mmebadilisha roho moja kwa karibu mia, tena kuku waliokuzwa kwa wiki sita hivi, wazito kuliko miguu yao. Bora kula nyama mara chache, na kumlipa zaidi muuzaji anayekuruhusu kutazama anavyochinja.

Samaki kwa ufupi: asiachwe atapetape mtumbwini. Pigo moja zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua avuje damu, ndipo barafu.

Kuhusu kumualika huyo jirani: muulize kwanza, kwani Wajaini wengi hawali pia vitunguu, thomu na viazi, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na wadudu wa udongoni. Mbaazi za nazi zisizo na kitunguu zitamfaa, zikipikwa kwenye sufuria ambayo haijawahi kupikiwa nyama.