Mkono Unaomimina: Chai, Chumvi na Utulivu wa Kula

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu afya ni hili: "Dada, ninywe nini?" Mwingine amesikia habari za unga wa mlonge, mwingine anakunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu kila alfajiri, mwingine anasaga tangawizi na kitunguu saumu anaweka kwenye chupa. Sina ugomvi na vitu hivyo. Mlonge ni mboga nzuri, na ndimu ina kazi yake ambayo nitaieleza mbele. Lakini katika nyumba yetu, kilicholeta mabadiliko hakikuwa kitu kipya tulichoongeza. Tulianza kuangalia kile ambacho tayari kilikuwa kinaingia kwenye kikombe na kwenye sufuria kila siku, tena bila mtu kukifikiria.

Tulianza kwa sababu ya mama. Aliambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda, akaandikiwa dawa na kushauriwa apunguze chumvi na uzito. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni, kwa hiyo ushauri ule ulikuwa wangu kama ulivyokuwa wake. Nilipochunguza nikagundua kwamba sukari, chumvi na mafuta vyote huingia kwa njia moja, yaani kwa mazoea. Mkono unamimina huku macho yako kwenye simu, au masikio yako kwenye stori ya jirani. Ukiuliza "umeweka kiasi gani?" hakuna anayejua, hata aliyepika.

Tuanze na chai, maana kwa wengi wetu siku huanza nayo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa cha kusawazisha, ni gramu 4 hivi. Mtu anayeweka vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku ameshatumia karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu yake. Kwa hiyo chai peke yake imemaliza fungu la siku, na bado hujala andazi wala kunywa soda ya mchana.

Desturi ya kuchemsha chai na sukari yake humo humo kwenye sufuria ndiyo ya kwanza kuiacha. Ukipika hivyo, mpishi mmoja anaamua kwa niaba ya nyumba nzima, mtoto na mzee, mzima na mgonjwa. Pika chai bila sukari, weka kopo la sukari mezani na kijiko kidogo ndani yake, kila mtu ajiwekee huku akiona anachojiwekea. Kisha punguza nusu kijiko, ukae hapo hadi ulimi uzoee, halafu upunguze tena. Ulimi huzoea kweli. Mama sasa akipewa chai ya ugenini yenye sukari nyingi huomba aongezewe maji ya moto.

Siri ya chai isiyo na sukari nyingi ni viungo, na viungo vinataka muda. Watu wengi hutupia tangawizi dakika ya mwisho, wakaishia kupata maji makali yasiyo na harufu. Mimi naponda kipande cha tangawizi pamoja na hiliki mbili tatu na kijiti cha mdalasini, naweka kwenye maji baridi, yachemke taratibu hadi jiko lote linukie. Majani ya chai huingia mwisho kabisa, nafunika, naacha kidogo, nachuja. Ukiwa na mchaichai, kunja majani yake fundo moja na uyatie pamoja na viungo. Chai hiyo ina utamu wake hata kabla ya sukari.

Jambo jingine la chai ambalo watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu na mboga za majani. Kwa mama mjamzito, msichana aliyevunja ungo au yeyote aliyeambiwa damu yake ni ndogo, kunywa chai juu ya wali maharage ni kujinyima. Acha ipite saa moja hivi baada ya kula. Hapa ndipo ndimu inapofanya kazi yake: vitamini C iliyomo husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Kamulia ndimu juu ya maharage au mchicha ukishapakua, au kula chungwa pamoja na chakula. Hiyo ina faida iliyo wazi kuliko ndimu ya alfajiri kwenye tumbo tupu.

Chumvi ni ngumu zaidi kuliko sukari kwa sababu haionekani. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya supu, ya karanga za kukaanga. Sasa hesabu mchuzi wetu wa kawaida. Chumvi inaingia wakati wa kukaanga kitunguu, inaingia tena nyama ikitiwa maji, halafu kinafuata kile kimchemraba cha kuungia mchuzi ambacho chenyewe sehemu kubwa ni chumvi. Mezani kuna kachumbari yenye chumvi yake, na pembeni kuna kichupa cha chumvi kwa atakayeona haijakolea. Ukiongeza ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, umevuka mpaka mbali sana.

Nilichofanya ni kuacha kabisa vile vimchemraba na kuondoa kichupa mezani. Ng'onda nawaloweka, namwaga maji, nawaloweka tena, na mchuzi wao siutii chumvi nyingine. Chumvi ya mboga natia mwishoni, kwa kijiko na si kwa kiganja. Ladha inatoka kwa nyanya zilizoiva vizuri na kukaangwa hadi zikaachia mafuta, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, giligilani, pilipili mbuzi nzima inayoelea bila kupasuka, na ndimu. Majuma ya mwanzo watu wa nyumbani walinung'unika, nami nikawavumilia. Kama una mgonjwa wa presha nyumbani, usimpikie sufuria yake peke yake kama aliyetengwa. Chakula chenye chumvi kidogo kinawafaa wote, watoto wakiwa wa kwanza.

Mafuta nitayasema kwa ufupi. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori karibu 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu humwaga vijiko vinne au vitano mara moja. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua, uone lita moja inakaa siku ngapi nyumbani kwako. Tarehe hiyo tu inatosha kuutuliza mkono. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki yakawa meusi yasirudi jikoni.

Kuhusu ugali, mimi ni mtu wa dona na nitaitetea. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, kinachoondoka ni pumba na kiini, na humo ndimo mlimo na nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na mafuta mazuri ya punje. Dona inashibisha, na sukari yake huingia mwilini polepole zaidi. Lakini dona inadai mahindi safi. Mahindi yaliyovunwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, ambayo hata ukipika ugali kwa moto mkali haiishi. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo usinunue dona ya kwenye gunia lililo wazi usiyoijua asili yake. Nunua mahindi makavu, mwaga kwenye ungo, ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, ndipo upeleke mashine. Karanga nazo zichambue vivyo hivyo. Iliyosinyaa au yenye uchungu usiimeze, iteme.

Hata dona nzuri ina kipimo chake. Kwenye sahani zetu mlima ni ugali na mboga ni kijito kinachopita pembeni. Geuza: mboga za majani na kachumbari zichukue nusu ya sahani, ugali robo, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au nyama. Hapa Morogoro hatuna udhuru, mboga zinashuka kutoka Mgeta, huko milimani, kila siku, na mafungu ya mchicha, matembele na majani ya maboga ni ya bei nafuu kuliko soda. Osha majani kabla ya kukata, siyo baada, maana ukiyakata kwanza vitamini zinakwenda na maji. Usiyachemshe ukamwaga maji yake. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, funika kidogo, epua ungali kijani. Kisamvu ndicho kinachotaka kinyume chake: kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu kibichi kina sumu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwanzoni nililidhania ni la watu wenye muda mwingi: kula kwa utulivu. Mwaka 1979 huko Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts mafunzo ya kupunguza msongo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Zoezi lake mashuhuri ni la zabibu kavu moja. Unaishika, unaitazama mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna, kisha unaitafuna polepole ukifuatilia ladha hadi inapoteremka kooni. Nimelifanya na zabibu za Dodoma, nikalifanya na tende wakati wa kufuturu, na naweza kukuambia kwamba tende moja iliyoliwa hivyo inaridhisha kuliko tano zilizobugiwa.

Ila sisi tuna njia iliyo karibu zaidi, nayo ni kula kwa mkono. Unamega tonge, unahisi joto lake kwenye vidole, unalikanda kiganjani hadi liwe laini, unalibonyeza kwa dole gumba lipate kishimo, unachota mboga, ndipo unapeleka kinywani. Kazi yote hiyo inakulazimisha uwepo pale unapokula, mradi mkono wa pili usiwe umeshika simu. Tonge liwe dogo. Usimege jingine kabla hujameza lililopo kinywani. Tumbo huchukua kama dakika ishirini kuupelekea ubongo habari kwamba limeshiba, na anayemaliza sahani kwa dakika tano anaongeza ya pili kabla habari haijafika. Waislamu tumefundishwa tangu utotoni kwamba theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo yanatekelezeka tu kwa mtu anayekula akijua anakula.

Kwetu tumekubaliana mambo machache: televisheni inazimwa wakati wa chakula cha jioni, simu zinabaki chumbani, na kabla ya bismillah tunakaa kimya kidogo tukivuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo, na mtu aliyetoka kwenye foleni ya daladala na hasira zake anafika mezani akiwa mtu mwingine. Fanya hivyo pia unapohisi njaa ya ghafla usiku. Jiulize kama ni tumbo linaloita au ni uchovu, upweke au mawazo ya ada ya shule. Kama ni mawazo, chapati haitayamaliza.

Kwenye vinywaji, maji ndiyo ya kwanza. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo cha bure: ukiwa wa njano hafifu uko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji. Chupa ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina gramu 35 za sukari au zaidi, soma lebo yake. Juisi ya matunda nayo si ya kuaminiwa tu kwa sababu ni ya matunda. Glasi moja ya juisi ya machungwa imechukua matatu au manne na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa lenyewe. Ukitaka juisi ya kukaribisha wageni, loweka ubuyu au ukwaju, chuja, weka barafu na sukari kidogo sana. Uchachu wake unaburudisha wenyewe.

Neno kwa wanaotumia dawa. Mama hajaacha vidonge vyake vya presha, na anakwenda kliniki akiwa na daftari tunaloandikia vipimo vya nyumbani. Daktari ndiye anayeamua dozi ipungue au ibaki. Mlonge, kitunguu saumu na rozela visichukue nafasi ya dawa. Na kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge, usikate ugali na wali ghafla kwa sababu umesoma makala hii. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi, ukatetemeka, ukatoka jasho au kupoteza fahamu. Mweleze daktari au mtaalamu wa lishe unachotaka kubadilisha, apange dawa yako upya kwanza, ndipo uanze na kijiko cha sukari ya chai.