Mgombea binafsi: mbona mahakama ilisharuhusu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama lishe hapa Soko la Kilombero, Arusha. Wenzangu sokoni wananisukuma nigombee udiwani maana mambo ya ushuru na maji machafu ndo mimi nayafuatiliaga, ila chama sina na sitaki, kadi nilikuwa nayo nikairudisha. Kijana mmoja wa bodaboda kaniambia Mahakama ya Afrika, hiyo ya haki za binadamu iliyopo hapahapa mjini kwetu, ilisharuhusu mgombea binafsi siku nyingi. Sasa mbona kila ninayemuuliza habari za fomu ananiambia nidhaminiwe na chama kwanza? – Mama wa Kilombero

JIBU: Marahaba mama. Huyo kijana hajakudanganya, na hao wanaokutaka chama nao sheria wanaijua, na hapo ndo panaponiumiza.

Chukua Katiba. Ibara ya 20(4) inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Nenda mpaka ya 67, unaambiwa huwezi kugombea ubunge kama si mwanachama na chama hakijakupendekeza, urais ni ya 39, na udiwani nao kwa sheria ya uchaguzi ni hivyohivyo. Yaani uko huru kutokuwa na chama, ila ukitaka watu wa sokoni wakuchague, uhuru huo uuache mlangoni. Nimefundisha uraia miaka mingi na kila darasa kuna mtoto anayeliona hili kabla sijalisema.

Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alienda nalo Mahakama Kuu, mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa ushindi, na mwaka haujaisha Bunge likabadilisha Katiba kuuzima. Hakukata tamaa, akafungua tena, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena, serikali ikakata rufaa na 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hili ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge, Bunge ambalo kila mbunge kaingia kwa chama. Ndo akaja huko kwenu Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikatamka kwamba kumlazimisha mtu apitie chama kunavunja haki yake ya kushiriki kuongoza nchi yake, na ikaiagiza Tanzania irekebishe Katiba na sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, fomu ya mgombea binafsi hakuiona.

Sasa kwa nini haijabadilika? Mahakama ile inaagiza, haiandiki sheria. Mwaka 2020 ilisema pia kwamba kuzuia matokeo ya urais yasihojiwe mahakamani ni kinyume cha haki, 2023 ikatoa hukumu kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Kabla ya hukumu hizo mbili, Novemba 2019, serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu raia kuishtaki moja kwa moja pale, na toka Novemba 2020 mlango huo umefungwa, kwa hiyo hata ukiwa unaishi nyumba ya pili kutoka getini kwao huwezi kupeleka kesi mpya dhidi ya nchi yako. Mimi hili linaniuma kuliko yote, mahakama ya bara zima tumeiweka Arusha halafu wenye nyumba ndo hatuingii.

Sheria mpya za uchaguzi zilipitishwa 2024, na kuna zuri lazima nilitaje, mgombea akibaki peke yake hapiti tena bila kupingwa, anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ila mgombea binafsi hawakumgusa. Na si kwamba Watanzania hawamjui, hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa naye, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa na hatujaipiga. Ukivuka Holili ukaingia Taveta, wenzetu wa Kenya wanachagua wagombea binafsi na nchi yao haijasambaratika.

Kwa hiyo mama, kwa sasa bila chama hutateuliwa, usipoteze nauli kufuata fomu. Ila ibara ya 67 inabadilishwa na theluthi mbili ya wabunge, basi wanapokuja hapo sokoni kula wali wako na kuomba kura, muulize kila mmoja mbele ya wateja kama atapiga kura ya kuibadilisha, na jibu lake liandikeni. Huko kwenye ushuru na maji machafu endelea kuwasemea wenzako, hilo halitaki kadi ya chama.

SWALI: Mwalimu, nasoma chuo hapa Moshi, kadi yangu ya mpiga kura ni ya Mbeya. Nijiandikishe upya?

JIBU: Hapana mwanangu, kujiandikisha mara mbili ni kosa. Unahamisha taarifa zako daftari la wapiga kura linapoboreshwa, unaweza kuanzia kwenye mfumo wa Tume ya Uchaguzi kwa simu halafu unamalizia kituoni ulipo sasa. Ila kura ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji ni kitu kingine, kule wanatumia orodha yao ya wakazi na kadi yako haikuingizi, lazima ujiandikishe pale unapoishi. Wengi wenu mlikosa Novemba 2024 kwa sababu hiyo tu, mkidhani kadi inatosha.