Usitoe akiba ya SACCOS kununua picha za kidijitali

Dada, nimekuelewa: rafiki anakuhimiza utoe akiba ya SACCOS ununue picha za kidijitali ziitwazo NFT, eti zitapanda bei kama viwanja. Mimi ningeiacha hela pale pale.

Unachonunua si picha, ni maandishi kwenye daftari la mtandaoni yanayoielekeza. Picha yenyewe yeyote anaihifadhi kwenye simu yake bure. Haikuletei kodi ya pango wala mazao; faida yako inategemea apatikane mwingine wa kulipa zaidi. Twiti ya kwanza ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, iliuzwa hivyo Machi 2021 kwa dola milioni 2.9. Aprili 2022 mwenye nayo aliipeleka mnadani. Mnada ulipofungwa, dau la juu lilikuwa kama dola 280!

Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, angalau huweza kumfaa mtu ambaye sarafu ya nchi yake inaporomoka. Wewe ada na LUKU unalipa kwa shilingi, kwa simu.

Ukitamani bado, mwombe rafiki auze moja ya zake leo, uone pesa ikiingia. Maneno ya siri ya pochi ya mtandaoni, yanayofungua mali yako ya kidijitali, usimpe mtu, hata yeye. Na kama umeshatuma pesa ukaambiwa ulipie tena ndipo utoe faida, acha kutuma, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo.