Onesho huharibika saa tisa alasiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni onesho gani la muziki wa jukwaani lililotukosha kuliko yote, na lipi lililotuudhi? Najua wengi watawajibu kwa majina ya wasanii. Mimi naona msanii ni wa mwisho kusifiwa au kulaumiwa. Onesho la Dar huharibika saa tisa alasiri, jua bado kali na geti halijafunguliwa, na wanaoliharibu wala hawapandi jukwaani.

Saa tisa ndiyo saa ya kujaribu mitambo. Chukua bendi ya dansi ya watu 12: magitaa matatu ya solo, sekondi na ridhimu, gitaa la besi, kinanda, dramu, tumba, tarumbeta, saksafoni na waimbaji watatu. Hao wanahitaji saa nzima. Fundi mitambo anaanza na ngoma ya mguu peke yake, anafuata snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, anaweka besi juu yake, kisha magitaa moja moja, kinanda, tumba, vyombo vya kupuliza, na waimbaji mwisho. Halafu wote wanapiga wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa kila mara, na ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu chombo kinachosikika vizuri kikiwa peke yake humezwa wenzake wakiingia. Magitaa matatu ya dansi yanagombania eneo moja la sauti. Fundi asipompunguzia ridhimu pale katikati, sekondi inapotea, na dansi bila sekondi inabaki ngoma na kelele.

Monita, zile spika za jukwaani zinazomrudishia mwimbaji sauti yake, nazo zina kazi yake. Unapandisha sauti ya mwimbaji hadi maiki ianze kupiga mluzi, unatafuta ni masafa gani yanayolia, unayapunguza hayohayo, unapandisha tena. Anayetibu mluzi kwa kushusha sauti yote anamwacha mwimbaji hajisikii. Asiyejisikia hupayuka, na anayepayuka hutoka nje ya ufunguo.

Lililoniudhi lilifanyika kwenye viwanja vya wazi, Kinondoni. Waandaaji sitawataja. Bango lilikuwa na wasanii zaidi ya 15, tangazo lilisema saa 12 jioni, na bendi ya dansi, ambayo watu wa umri wangu tuliifuata, ilipanda baada ya saa sita usiku. Mitambo haikuwa mibovu. Ilikuwa ya kukodi, mizuri, spika zimening'inizwa kushoto na kulia kama inavyotakiwa, miksa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kidijitali ya kisasa. Kila kilichoharibika kiliharibika kwa kukosa saa moja ya alasiri.

Bendi ilipewa chaneli, yaani njia za kuingizia sauti kwenye miksa, zilizobaki baada ya DJ na maiki za mkononi za wasanii wa bongo fleva. Dramu na tumba wakagawana maiki mbili. Sekondi haikusikika kabisa kwa nyimbo mbili nzima. Waliokuwa karibu na jukwaa waliisikia, kwa sababu amplifaya ya mpiga gitaa ilikuwa pale pale, lakini kwenye spika kubwa haikuwemo. Fundi alikuwa akipandisha chaneli isiyo na kitu. Kebo yake ilichomolewa mapema ili kumpa MC maiki ya pili, na hakuna aliyeirudisha wala kubandika kipande cha tepu kuandika nini kinaingia wapi. Tepu ya karatasi na kalamu, basi.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na spika za nyongeza, kama mita 40 kutoka jukwaani. Sauti husafiri takribani mita 345 kwa sekunde katika joto la usiku wa Dar, kwa hiyo ile ya jukwaani inafika pale baada ya zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Spika za nyuma zinatakiwa kucheleweshwa kwa muda huohuo. Zikiachwa bila kupangwa, zinapiga kwanza, halafu jukwaa linafuata. Kwenye wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, tofauti hiyo ni karibu robo ya pigo. Kila snea ilisikika mara mbili, na wachezaji wa nyuma hawakujua mguu uangukie wapi. Kupanga jambo hilo ni kuingiza namba moja kwenye mashine. Anayejua umbali anaiandika kwa dakika moja.

Fundi hakulisikia hilo, maana miksa iliwekwa pembeni ya jukwaa, chini ya hema, ili isizibe meza za VIP. Mahali pake ni katikati ya uwanja, kati ya spika za kushoto na kulia, mita 25 au 30 kutoka jukwaani, asikie wanachosikia wenye tiketi za kawaida. Hapa ndipo ninapowalaumu waandaaji kuliko mahali pengine popote. Wanakodi mitambo kwa mamilioni, kisha wanamkalisha anayeiendesha mahali asipoisikia.

Halafu umeme. Taa na sauti vilitegemea jenereta moja. Chemko ilipoanza, mtu wa taa akawasha zote kwa pamoja, umeme ukashuka, miksa ikazima na kuanza kujiwasha upya. Miksa ya kidijitali haiwaki kama balbu. Inapakia programu yake kwanza, na uwanja mzima unasubiri. Wapigaji waliendelea na amplifaya zao ndogo, kwa hiyo mbele watu walicheza na nyuma watu walizomea, onesho moja limekuwa mawili. Taa zingepewa jenereta yake, au angalau fezi yake, yaani njia yake ya umeme, pengine lisingetokea. Na hata likitokea, UPS, ile betri ya akiba ya kawaida ya kompyuta ya ofisi, ingeibeba miksa kupita pale. Ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, nayo ilikuwa na tatizo: mpiga ridhimu aliyekuwa akiitikia aliukwepesha mdomo wake kwenye maiki usiku kucha. Anayeshika nyuzi za gitaa lililounganishwa kwenye umeme mmoja, na midomo ikagusa maiki ya umeme mwingine, vyote viwili visipokuwa na ethi ya pamoja, anarushwa. Hilo si suala la ladha ya muziki tena. Mtu anaweza kufa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumaliza na pleibeki, niseme kwamba anayepanda na CD yenye sauti yake arudishe kiingilio. Baada ya kuyaweka haya yote chini siwezi kulisema kwa ukali ule. Kijana anayepewa dakika 15 jukwaani, hajajaribu maiki, monita hazimrudishii chochote, na nyuma yake wanasubiri wengine kumi, amefanya hesabu sahihi kubeba sauti yake kwenye flashi. Ninachokataa ni sauti ya CD kuimba huku maiki iko kiunoni. Biti tupu na maiki wazi, nakubali. Sauti ya chini kidogo ya kumsaidia kwenye kiitikio, nakubali pia, ingawa si kwa moyo mweupe.

Lililonikosha sasa, na hapa najua nitaonekana najipinga. Ilikuwa bonanza la Jumapili kwenye baa ya Sinza, bendi isiyo na jina kubwa, spika zilizochakaa, bati juu na saruji chini. Kwa kila nilichosema hapo juu, lilipaswa kuwa baya. Lakini bendi ile ilipiga pale kila wiki na fundi wake yuleyule. Alijua kwamba ukumbi mtupu hudanganya: bati na saruji hurudisha sauti, na watu wakijaa miili yao hunyonya, hasa zile sauti nyembamba za juu. Kwa hiyo mchana aliziacha kali kuliko inavyopendeza, na ilipofika saa mbili usiku zilikuwa sawasawa bila kugusa kitu. Mteja alipopanda kumtunza mwimbaji, mwimbaji hushusha mkono wa maiki ili apokee noti, maiki inaiangalia monita, na hapo ndipo mluzi huzaliwa. Fundi alimwona mteja anainuka mezani, akaweka kidole tayari kwenye chaneli, akaishusha kabla mkono haujashuka. Solo, sekondi na ridhimu ulizisikia tatu, kila moja na njia yake.

Ndivyo bendi kongwe za dansi, Msondo, tangu ikiitwa NUTA mwaka 1964, na Sikinde tangu 1978, zilivyopata mashabiki wa kubishana kutwa nzima Kariakoo. Walibishana kuhusu magitaa kwa sababu waliyasikia, wiki hadi wiki, kwenye kumbi zilezile. Marehemu mwimbaji Muhidin Gurumo aliimba pande zote mbili, na watu waliweza kukuambia alisikikaje huku na alisikikaje kule.

Kwa hiyo jibu langu: bora ni baa ya Sinza, baya ni Kinondoni. Nalitoa kwa tahadhari. Fundi wa Sinza ukimpeleka Uwanja wa Mkapa, uliojengwa kwa ajili ya michezo na wenye majukwaa ya zege yanayorudisha kila pigo, ujuzi wa baa hautamtosha. Na waliosimama mbele kabisa usiku ule wa Kinondoni wanaweza kuniandikia wiki ijayo kunipinga. Sitashangaa, kwa sababu wao walikuwa wakisikiliza amplifaya za bendi.