Mwanangu, kuhusu Mfumaji na nguo zake

Mwanangu Salma,

Barua yako imefika, na picha za Wuhan baba yako ameshazionyesha mtaa mzima. Unauliza kama uende kwao huyo kijana siku ya Qixi, sikukuu ya Wachina inayoangukia 19 Agosti 2026, na kama kweli ni sikukuu ya wapendanao ya tangu enzi au ni ujanja wa wenye maduka. La kwenda nitalifikia. Kwanza hao wapendanao wenyewe wa hadithi ya Qixi, Mfumaji na Mchunga Ng'ombe: walipatanaje?

Nyumbani kwao watakusimulia hivi. Mchunga ng'ombe, yatima, ana dume mzee anayesema. Dume anamwambia nenda mtoni, mabinti wa mbinguni wanaoga, ficha nguo za mmoja. Mfumaji anakosa nguo, wenzake wanaruka, yeye anabaki. Anaolewa, anazaa wawili. Malkia Mama wa mbinguni akipata habari anamrudisha juu. Mume anajifunika ngozi ya yule dume, ameshakufa, anawatia watoto kwenye vikapu viwili vya mzega na kumfuata angani. Amebakiza kidogo kumfikia, Malkia anachomoa pini ya nywele, anachora mstari, na mstari unakuwa mto. Basi mara moja kwa mwaka, saba ya mwezi wa saba kwa mwezi mwandamo wa Kichina, ndiyo Qixi, ndege wa jamaa ya kunguru, weusi kwa weupe, wanajipanga kuwa daraja wakutane.

Watu hulia wakifika kwenye daraja. Mimi sivuki zile nguo. Nimekwambia tangu unasuka nywele mbili, na narudia: mapenzi ya kuvizia si mapenzi.

Unajua ya shangazi yako mkubwa. Posa ililetwa yeye yuko shamba anachuma mikunde, mahari ikapokelewa, na alipoingia uani na kapu kichwani ndipo akina mama wakampigia vigelegele. Hakulitua lile kapu. Alisimama nalo mpaka mmoja akamtua. Kila akisifiwa kuwa ndoa yake imedumu, ananitazama mimi.

Haya, nisimwonee Mchunga Ng'ombe. Hadithi ya nguo si kongwe kama wanavyodhani wanaoisimulia. Kwenye Kitabu cha Mashairi, mkusanyo wa kale wa Wachina wa kabla ya mwanafalsafa wao Konfusio au karibu na zama zake, Mfumaji na Ng'ombe ni nyota tu: yule anahama kiti mara saba kwa siku na hatoi hata kitambaa, na mapenzi hayatajwi. Mwishoni mwa enzi ya Han, ukoo wa kifalme wa China, karibu miaka 1,800 iliyopita, shairi jingine linamwonyesha akilia ng'ambo ya maji, yeye na Mchunga Ng'ombe wanatazamana bila neno. Kisha kuna masimulizi yasiyo na wizi wowote: Mfalme wa Mbinguni alimhurumia binti kwa upweke, akamwoza, binti akaacha kufuma, mfalme akakasirika na kuwatenganisha.

Hii ya mwisho nilikuwa naipenda, mpaka nilipoisoma tena. Huyu hakuibiwa, alitolewa. Na aliyemuuliza ni nani?

Kuhusu maduka: maua na chokoleti ni za juzi. Wachina waliiingiza Qixi kwenye orodha yao ya urithi wa taifa mwaka 2006. Kwa karne nyingi usiku ule ulikuwa wa wanawake kuomba ustadi wa mikono, na hapo ndipo penye utamu. Karne ya 6 waliandika kwamba wanawake walitunga nyuzi za rangi kwenye sindano zenye matundu saba, wakaweka matikiti uani; buibui akitanda juu ya tikiti, dua imepokelewa. Enzi ya Tang walimfungia buibui kwenye kijisanduku na kumfungulia alfajiri: utando mzito, ustadi mwingi.

Beijing, enzi ya Ming, walielesha sindano. Fanya hivi. Weka bakuli la maji juani adhuhuri ya siku ile, uliache mpaka uso wa maji ufanye utando mwembamba wa vumbi. Chukua sindano nyembamba ya kudarizia, kavu kabisa, uilaze kwa ubavu. Ukiiangusha kwa ncha inazama. Ukiishika kwa vidole vyenye maji inazama. Na maji yakiwa na sabuni hata kidogo inazama, maana sabuni inalegeza uso wa maji. Ikielea, usiitazame yenyewe. Tazama kivuli chake chini ya bakuli. Kikifanana na wingu, ua, ndege au mkasi, umejaliwa. Kikiwa kinene kama mchi au chembamba kama uzi, rudi ukajifunze.

Nyota zao tunaziona hata sisi huku Dar. Ukiwa huku, saa tatu usiku wa katikati ya Agosti, unaelekea kaskazini: ile nyeupe kali karibu nusu ya anga ni Vega, ndiye Mfumaji. Juu zaidi, kulia, ni Altair, mume, na vinyota viwili ubavuni mwake ni watoto vikapuni. Siku ya saba mwezi ni nusu na unafifisha ule mto, yaani Njia ya Maziwa. Subirini utue; huku kwetu ni karibu saa sita usiku. Kati yao ni karibu miaka 15 ya nuru, yaani nuru husafiri miaka hiyo yote kuvuka, kwa hiyo hata nuru yenyewe haiwahi miadi ya kila mwaka.

Sasa huyo kijana. Ninalo la kusema, na baba yako amenikataza, nami namtii kwa shida. Ila ukienda, mwombe bibi yake akusimulie yeye hadithi hii, na usimkatize. Uone kama nguo anazitaja, na akizitaja, mjukuu wake anacheka au anafanya nini. Niandikie kabla ya kumwambia baba yako.

Mama yako