Mbona Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imeshusha riba na mkopo wangu uko palepale?

Mkuu, kushuka kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025 hakugusi mkopo wako moja kwa moja. Riba ya Benki Kuu inaongoza bei ya benki kukopeshana zenyewe kwa siku 7, isipite pointi 2 za asilimia juu au chini yake. Lakini benki hukopesha zaidi kwa amana za wateja, na aliyefungia hela miezi 12 analipwa riba ya zamani mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo benki ikikupunguzia leo, inakata mapato kabla gharama hazijashuka.

Benki ndogo ndizo hubanwa zaidi: hazina akaunti nyingi za mishahara, ambazo ni hela ya gharama ndogo kwa benki, hivyo hugombania amana za mifuko ya pensheni na taasisi kwa riba ya juu. Benki yenye hatifungani za zamani za serikali (hati za serikali kukopa kwa riba maalumu) inacheka, maana riba sokoni zikishuka bei ya hatifungani hizo hupanda.

Wewe soma mkataba wako. Kama riba ni isiyobadilika, omba kupangiwa mkopo upya, ila uliza kwanza ada ya kulipa mapema.